Tunauliza Nani Kachinja, Hatuulizi Kuku Kafikaje

Ndugu msikilizaji, ukienda kununua kuku wa kienyeji katika soko lolote la Dar es Salaam, mwuzaji atakuambia kwanza kwamba kuku wake ni wa Singida. Atasema hivyo hata kama kuku mwenyewe ametoka Dodoma au Tabora, kwa kuwa jina la Singida peke yake linatosha kupandisha bei. Mnunuzi naye, akisharidhika na asili ya kuku na kumpapasa kifua, hubakiwa na swali moja: nani atachinja? Akijibiwa kwamba yupo kijana Mwislamu mwenye kisu pale pembeni, biashara imekwisha. Kuku anachinjwa, ananyonyolewa, anatiwa mfukoni, na mnunuzi anakwenda zake akiwa na moyo mweupe.

Leo napenda tulitazame swali hilo la nani kachinja. Ni swali zuri, lakini tumelikata nusu.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo hili si la mzaha katika nchi yetu. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa jijini Dar es Salaam, na taifa zima likashtuka kuona kitoweo kinaweza kuwagombanisha majirani waliozoea kukopeshana chumvi. Miaka 20 baadaye, Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka kuwa mapigano, na mchungaji mmoja akauawa. Viongozi wa Serikali ilibidi wawakutanishe viongozi wa dini ili moto ule uzimike. Desturi ya siku nyingi, kwamba kwenye machinjio ya watu wote achinje Mwislamu ili kila mmoja aweze kula, imewawezesha Watanzania wengi kukaa kwenye sinia moja la pilau katika harusi na misiba bila mtu kuulizana dini. Damu ya binadamu imekwisha kumwagika kwa ajili ya swali hili. Hakuna mwenye akili timamu atakayelidharau.

Ninachosema ni kitu kingine. Wazee wetu, vitabu vya dini, hata sheria za nchi, kila vilipoweka sharti juu ya kisu viliweka pia sharti juu ya namna mnyama anavyofikishwa kwenye kisu. Sisi watu wa mjini tumelishika sharti la kwanza kwa mikono miwili. La pili tumeliacha njiani, mahali fulani kati ya Singida na Dar es Salaam.

Nimemtaja kuku wa Singida kwa sababu ya sifa yake mjini, lakini pia kwa sababu mkoa huo ni kama darasa la jambo hili. Ndani ya mkoa huo mmoja, ulioundwa mwaka 1963, binadamu anamwua mnyama kwa sababu karibu zote anazoweza kuwa nazo. Wapo Wanyaturu na Wanyiramba wakulima na wafugaji, wanaochinja kwa kitoweo, kwa mgeni na kwa sherehe. Wapo Wanyisanzu wenye sifa ya matambiko ya mvua. Wapo Wahadzabe wanaoishi kwa upinde. Wapo Wadatoga ambao kwao, zamani, kijana aliyeua simba alikuwa shujaa wa kuzawadiwa ng'ombe na jamaa zake. Tena kusini mwa mkoa, upande wa Manyoni, yako mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambako watu wa kutoka nchi za mbali hulipa fedha nyingi za kigeni ili wapige mnyama na kuondoka na kichwa chake. Tuwapitie hawa mmoja mmoja, tusikilize kila mmoja ana masharti gani.

Tuanze na tambiko. Wanyisanzu, wanaoishi katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Mkalama, wamejulikana tangu zamani kwa viongozi wao wa mvua wenye makao katika kijiji cha Kirumi. Viongozi hao ni wawili, mwanamume na mwanamke, kwa imani kwamba mvua haiwezi kuitwa na upande mmoja wa ubinadamu. Mtafiti Todd Sanders, aliyeishi nao katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu juu ya mvua yao mwaka 2008, ameeleza jinsi mvua inapogoma wazee wanavyopiga ramli kwanza, kujua wahenga wanataka nini, kabla ya mnyama wa sadaka kuguswa. Katika jamii nyingi za kanda ya kati mnyama wa mvua huwa kondoo mweusi, kwa kuwa weusi wake unafanana na wingu lililobeba maji.

Zingatia mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba mnyama hafi mpaka sababu ya kufa kwake imeulizwa na kujibiwa. La pili ni kwamba mnyama wa sadaka hachaguliwi ovyo. Mwenye kilema, mwenye kidonda, aliyechapwa mpaka akavimba, huyo hafai kupelekwa mbele ya wahenga. Mwislamu anayechagua mnyama wa Idi Kubwa analijua sharti hilo hilo: kipofu, kiguru, mgonjwa na aliyekonda kupita kiasi hawafai. Msomaji wa Agano la Kale analijua pia, maana mwana-kondoo wa Pasaka alitakiwa asiwe na ila. Watu ambao hawakuwahi kukutana walifikia sharti moja, na sharti hilo lilimlinda mnyama tangu siku alipochaguliwa, muda mrefu kabla ya kisu kunolewa.

Sitaki lakini tuyapambe ya kale kupita kiasi. Baadhi ya jamii za wafugaji wa nyanda hizi, Wamasai na Wadatoga miongoni mwao, zilikuwa na desturi ya kumziba pumzi mnyama wa tambiko badala ya kumkata koo, ili damu isimwagike chini ovyo. Kwao hicho kilikuwa kifo cha heshima. Kwa mnyama mwenyewe kilikuwa kifo cha dakika kadhaa za kutafuta hewa, na sioni namna ya kukiita chepesi. Uislamu umekataza nyama ya mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, na sharti hilo limo katika sura ya tano ya Kurani pamoja na aliyepigwa, aliyeanguka na aliyepigwa pembe. Mitume wa Kanisa la kwanza nao, katika mkutano wa Yerusalemu unaosimuliwa kwenye Matendo ya Mitume sura ya 15, waliwaagiza waumini wapya wajiepushe na vilivyonyongwa na damu. Kwa hiyo mila hupimwa. Tunapozisifu kwa kumchagua mnyama kwa adabu, tunaweza pia kusema kwamba namna ya kumwua ilihitaji kutazamwa upya.

Sasa twende kwa Wahadzabe. Hawa ni watu wachache wanaoishi kuzunguka bonde la ziwa Eyasi, na sehemu yao moja iko Singida, katika kijiji cha Munguli wilayani Mkalama. Mhadzabe humpiga mnyama mkubwa kwa mshale wenye sumu inayopikwa kutokana na utomvu wa mimea, sumu ambayo hushambulia moyo. Mnyama haanguki hapo hapo. Mwindaji humwacha kwanza, kisha hufuata nyayo na matone ya damu, pengine kwa saa nyingi, pengine mpaka siku ya pili, na wenzake wa kambi huja kumsaidia. Nyama ikifika kambini hugawanywa kwa wote, pamoja na wale ambao hawakutoka na upinde siku hiyo. Ziko sehemu maalumu za mnyama mkubwa, Wahadzabe huziita nyama ya epeme, ambazo huliwa na wanaume waliokubaliwa tu, na kuvunja mwiko huo huaminika kuleta maafa.

Mtu wa mjini anaweza kusema kwamba kifo cha sumu ni kifo kibaya. Kweli, si chepesi. Lakini mtazame vizuri mnyama yule. Mpaka dakika ile mshale ulipomfikia alikuwa huru, ananusa upepo, anakunywa maji anapotaka, hajawahi kufungwa kamba. Adha yake yote imo ndani ya saa za mwisho. Na aliyempiga hamwachi akafie porini bure, kwa kuwa nyama inayooza porini ni njaa kambini.

Upande wa kusini, kule Rungwa, kuna mwindaji wa namna nyingine. Huyu hana njaa. Amevuka bahari kwa ndege, amelipia leseni, kitalu na mwindaji bingwa wa kumwongoza. Mapori yale sasa yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, na ikumbukwe kwamba Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako hakuna kuwinda, ilimegwa kutoka katika pori la Rungwa mwaka 1964. Mnyama akiwa upande huu wa mpaka ni wa kupigwa picha tu, akivuka upande ule anaweza kupigwa risasi. Majirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sisi tuliusimamisha mwaka 1973, tukaurudisha mwaka 1978.

Ubishi juu ya uwindaji huo ni wa miaka mingi. Wanaoutetea husema ada zake hulinda mapori makubwa ambayo watalii wa kamera hawafiki, kwa kuwa yana mbung'o wengi na barabara mbaya, na kwamba pori lisilokuwa na fedha halichelewi kugeuka mkaa na mashamba. Wanaoupinga huuliza ni furaha gani anayoipata mtu mzima kwa kuua kiumbe asichokula. Hoja zote mbili zina uzito, na mimi sitazimaliza leo. Ila liko jambo moja ambalo pande zote mbili hazibishani: kumjeruhi mnyama na kumwacha ni aibu. Sheria yetu ya wanyamapori inamtaka aliyejeruhi amfuate mnyama na kummaliza. Inakataza kumpiga kutoka ndani ya gari, inakataza mitego na sumu kwa mwenye leseni. Kanuni za uwindaji wa kitalii zinataka hata simba dume asipigwe kabla ya kutimiza miaka 6, ili asiondolewe baba ambaye watoto wake bado hawajakua. Simba aliyeitwa Cecil alipouawa nchini Zimbabwe mwaka 2015, kilichowachoma watu wengi duniani ni kwamba alipigwa mshale na daktari wa meno kutoka Marekani, akaachwa na jeraha kwa saa nyingi kabla ya kumalizwa. Dunia ilihesabu zile saa.

Basi, ndugu msikilizaji, tukiwa tumejifunza kuhesabu saa, turudi kwa kuku wetu.

Kuku wa Singida huzaliwa uani kwa mama mmoja wa kijijini. Hula mchwa, chenga za mtama na mabaki ya alizeti, hulala juu ya mti au ndani ya nyumba pamoja na mbuzi. Maisha yake ni mazuri kuliko ya kuku wengi duniani wanaofungiwa katika mabanda wasione jua. Siku ya gulio au siku mchuuzi anapopita na baiskeli, hukamatwa. Hufungwa miguu kwa kamba au kwa kipande cha mpira, huunganishwa na wenzake wanne au watano, huning'inizwa kichwa chini kwenye usukani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini walimzungumzia kuku anayefungwa ili azoee nyumba mpya. Hawakumzungumzia kuku wa kuning'inizwa kilometa 20 katika jua la mchana.

Mjini Singida hukusanywa pamoja na wengine, pengine hulala hapo usiku mmoja au miwili akingoja mzigo utimie. Kisha hutiwa kwenye tenga. Matenga hupangwa juu ya lori au juu ya basi, moja juu ya jingine, na safari ya takriban kilometa 700 huanza: Manyoni, Dodoma, Morogoro, mpaka Dar es Salaam. Wa tenga la juu hupigwa na jua na upepo. Wa tenga la chini hupokea kinyesi cha wa juu. Maji hakuna. Kutoka nyanda za juu zenye baridi, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hushuka mpaka kwenye joto na unyevu wa pwani.

Hapa tuseme kidogo juu ya mwili wa kuku, maana wengi hatuujui ingawa tunaula kila juma. Kuku hatoi jasho. Njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema kwa mdomo wazi, na kila anapohema anapoteza maji. Akinyimwa maji na akasongwa na wenzake, anapika ndani kwa ndani. Tena kuku hana kiwambo kile ambacho kwetu sisi hutenga kifua na tumbo. Ukimning'iniza kichwa chini, maini na matumbo yake hulalia mifuko yake ya hewa, na kila pumzi huwa kazi. Tunamwona ametulia, tukasema kuku amezoea. Mara nyingi amechoka tu.

Kisu cha mchinjaji hodari humfanya kuku apoteze fahamu katika muda ambao kwa kawaida hauzidi dakika moja hivi. Safari yake imekuwa ya siku mbili au tatu. Sisi tumeiulizia ile dakika moja, tena kwa ukali, na zile siku tatu hatukuziulizia neno.

Ng'ombe wa mkoa huo huo hana nafuu kubwa. Kutoka mnadani hupandishwa lori kwa fimbo na kwa kupindwa mkia, husimama safari nzima kuelekea mnada wa Pugu, na akianguka hukanyagwa na wenzake. Wataalamu wa nyama wanajua matokeo yake. Mnyama aliyechoka na kuogopa kwa muda mrefu huwa amemaliza akiba ya sukari iliyomo katika misuli. Akichinjwa, nyama yake haipati ile asidi kidogo inayotakiwa. Huwa nyeusi, kavu, na huharibika upesi. Palipopigwa fimbo pana damu iliyovilia na hukatwa kutupwa, na ngozi yenye makovu hushuka bei. Ukatili una gharama, na gharama hiyo ni mimi na wewe tunaoilipa buchani bila kuandikiwa stakabadhi.

Lakini jambo zito zaidi, na ambalo nadhani litamgusa kila anayeuliza nani kachinja, ni hili. Katika kila safari ya namna hiyo wapo kuku wanaokufa ndani ya tenga. Kuku aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu. Ni haramu kwa Mwislamu, na ni mzoga kwa mtu yeyote mwenye kujiheshimu. Mchuuzi mwaminifu atamtupa, naye atakuwa amepata hasara. Mchuuzi asiye mwaminifu atafanya nini? Atampitisha kisu shingoni, amtie maji ya moto, amnyonyoe na kumchanganya na wengine. Kisu kimepita, aliyekishika anaweza kuwa Mwislamu wa ukoo wa Waislamu, jina la Mungu linaweza kuwa limetajwa, na bado nyama ile ni kibudu. Kuku aliyekufa kabla ya kukatwa hatoki damu sawasawa. Ngozi yake, hasa shingoni, hubaki na wekundu wa kiza. Ukimwona wa namna hiyo amekwisha kunyonyolewa mezani, usimnunue hata kwa bei ya bure.

Ndiyo maana nasema swali letu tumelikata nusu. Uhalali wa kisu unategemea uzima wa mnyama, na uzima wa mnyama unategemea safari. Dini yenyewe haikuyatenganisha hayo. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim imo hadithi maarufu ambamo Mtume anafundisha kwamba wema umewajibishwa katika kila jambo, hata katika kuua, na kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampe mnyama wake raha. Wanazuoni wamechukizwa na mtu anayenoa kisu huku mnyama anamwangalia, au anayemchinja mnyama mbele ya mwenzake. Biblia nayo, katika Mithali sura ya 12, imemtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake, na katika Kutoka sura ya 23 imeamuru asaidiwe hata punda wa adui aliyelemewa na mzigo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama na inayogusa usafirishaji na uchinjaji. Sheria ipo, dini zipo, mila zipo. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza.

Najua yapo majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba nchi ina watu wasiokuwa na dawa wala madawati, na huu si wakati wa kuhurumia kuku. Jibu langu ni kwamba huruma haigawanywi kama mgao wa sukari, ukampa kuku basi mtoto akakosa. Kijana aliyefundishwa kuvuta mbawa za kuku hai kwa mzaha hakufundishwa kumhurumia mtu.

La pili ni zito zaidi. Kuku ni benki ya mwanamke wa kijijini. Ada ya shule, daftari, dawa ya mtoto, vyote hutoka kwa kuku. Tukiiwekea biashara hii masharti mengi, tutamwumiza mama yule kabla ya kumsaidia kuku. Hoja hii naikubali, na ndiyo sababu sipendekezi magari ya barafu wala machinjio ya kifahari. Tuangalie mambo yasiyo na bei kubwa. Tenga lisijazwe mpaka kuku wakalaliana. Matenga yafunikwe kwa kitu kinachopitisha hewa, safari iwe ya usiku inapowezekana, na pawe na maji wakati wa kungoja. Baiskeli ifungwe tenga dogo nyuma badala ya mashada ya kuku kwenye usukani. Mchinjaji awe na jiwe la kunolea. Mchuuzi akipiga hesabu ya kuku wanaomfia njiani na uzito unaopungua, ataona kwamba tenga la pili limemlipa.

Liko na suala la ugonjwa. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kufyeka kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Wafugaji wakisikia kimeingia kijiji cha jirani, hukimbilia kuuza, na kuku wenye ugonjwa uliojificha hupandishwa matenga na kuusambaza njia nzima. Chanjo yake ya matone ya jicho ipo, hutolewa kila baada ya miezi mitatu, na bei yake kwa kuku mmoja ni ndogo sana ukilinganisha na kuku mwenyewe. Kuku aliyechanjwa anauzwa kwa wakati wake, na mwenye kuku anauza kwa bei yake, bila haraka ya hofu. Hapo faida ya mama na nafuu ya kuku zimekaa kapu moja.

Jibu la tatu hutoka kwa wale wanaosema dawa ni kuacha nyama kabisa. Wapo watu wa dini na falsafa mbalimbali wanaoishi hivyo, wakiwamo baadhi ya ndugu zetu wenye asili ya Kihindi wa miji yetu, na wanastahili heshima. Lakini wengi wetu tutaendelea kula nyama, na anayekula ana wajibu mkubwa kuliko asiyekula, kwa kuwa safari ile yote inafanywa kwa niaba yake. Mhadzabe anamjua mnyama aliyemla; amemfuata kwa miguu yake. Mzee wa Kirumi anamjua. Amemchagua na kumwombea. Hata yule tajiri wa Rungwa amemtazama machoni. Sisi wa mjini ndio tunaokula wengi kuliko hao wote, na ndio pekee ambao hatukuona chochote.

Nguvu tuliyo nayo ni ile ile tuliyokwisha kuitumia. Swali la nani kachinja halikuandikwa na Bunge. Liliulizwa na wanunuzi, kila siku, kila soko, mpaka kila mwuza kuku akahakikisha ana mtu wa kuchinja. Swali la mnunuzi ni amri. Basi tuliongezee mengine mawili. Tuulize: kuku hawa wamefika lini, na wamepewa maji? Tuulize: naweza kumwona akiwa hai, amesimama kwa miguu yake, kabla hajachinjwa? Mwuzaji akiulizwa hivyo na mtu mmoja atacheka. Akiulizwa na watu 50 kwa juma moja, atampigia simu mchuuzi wake wa Singida kabla ya mzigo unaofuata kupakiwa.

Ni hayo kwa juma hili. Kwa herini.